Mtu wa Upande wa Pili wa Kebo

Tarehe 22 Agosti 2024, katika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi nchini Japani, kazi iliyosubiriwa miaka 13 ilisimama kabla haijaanza. TEPCO, kampuni ya umeme inayomiliki kituo hicho, ilikuwa imejiandaa kuingiza ndani ya kinu namba 2 kifaa chembamba kinachorefuka hadi mita 22, kikaokote punje ya kwanza ya fueli iliyoyeyuka mwaka 2011. Tatizo halikuwa la kifaa. Lilikuwa la mabomba matano ya kukisukumia, kila moja lenye urefu wa mita moja na nusu, ambayo yalikuwa yamepangwa vibaya: moja limekaa mahali pa lingine. Kosa lilipoonekana, mafundi hawakuwa na muda wa kuyapanga upya. Pale mlangoni pa kinu muda wa mtu hupimwa kwa mionzi anayopokea, na ukishatimia anatoka, kazi iwe imekwisha au haijaisha.

TEPCO ilikuja kukiri kwamba upangaji wa mabomba uliachiwa wakandarasi, na kwamba hakuna hata mmoja wa wafanyakazi wake aliyekwenda kuyakagua. Kifaa kilirudishwa kazini Septemba, kamera zikasumbua, kikasimama tena, na hatimaye mwanzoni mwa Novemba punje ikatolewa. Ilikuwa na uzito wa gramu 0.7 hivi. Ndani ya vinu vitatu vya Fukushima inakadiriwa kuna tani 880 za mabaki ya aina hiyo.

Wengi waliichukua habari hii kama kichekesho: taifa linalosifika kwa roboti limeangushwa na mabomba matano. Mimi naona ndiyo habari ya maana kuliko zote zilizowahi kutoka Fukushima kuhusu roboti, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo kazi ya mtu na kazi ya mashine hukutana. Mashine inaingia pasipoingilika, lakini kuna mtu aliyebeba bomba, aliyelilaza, aliyelifunga, na mwingine ambaye alipaswa kulitazama na hakulitazama. Tunaposema roboti "imechukua" kazi ya hatari kwenye mitambo ya nishati, mara nyingi tunachomaanisha ni kwamba mtu amesogezwa hatua kadhaa nyuma. Hilo ni jambo jema sana. Ila huyo mtu bado yupo, na yote mazuri au mabaya yatakayotokea yanategemea tumemwekaje.

Chernobyl ndiko somo hili lilikoanzia, na kwa gharama kubwa. Baada ya mlipuko wa tarehe 26 Aprili 1986, paa la jengo la jirani lilijaa vipande vya grafaiti vilivyorushwa kutoka kinu namba 4. Serikali ya Kisovieti ilipeleka mashine za kuvisukuma virudi chini. Moja ilitoka Ujerumani Magharibi, ikiitwa Joker. Nyingine zilitengenezwa na wahandisi wa taasisi ileile iliyounda magari ya Lunokhod yaliyotembea mwezini. Joker haikuchukua muda ikafa. Mionzi mikali huharibu vifaa vya kielektroniki kama inavyoharibu mwili: chembe za semikondakta hupoteza tabia yake, picha ya kamera hujaa madoa meupe, kioo cha lenzi hugeuka rangi ya chai. Mwishowe wakapandishwa askari, zaidi ya 3,000, kwa zamu za dakika moja mbili, kila mmoja akiwa na koleo na vazi la risasi alilojishonea. Wenzao waliwaita bioroboti.

Nchi zilijifunza mambo tofauti kutokana na paa lile. Ufaransa, mwaka 1988, ilianzisha Groupe INTRA, kikosi cha pamoja cha shirika la umeme la EDF, taasisi ya nishati ya atomi CEA na kampuni ya fueli Cogema. Kazi yake ni moja: kuwa na mashine za kuingia kwenye ajali ya nyuklia pamoja na madereva wanaozijua, wakati wote. Ujerumani ilikuwa na kikosi cha namna hiyo, KHG, tangu 1977. Vikosi hivi havivutii waandishi wa habari. Mwaka baada ya mwaka vinafanya mazoezi ya kitu ambacho kila mtu anaomba kisitokee: kupanda ngazi, kufungua valvu, kuzungusha mpini wa mlango kwa mkono wa chuma huku dereva akitazama skrini tu.

Japani ilipita njia nyingine, na hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1999 ilitokea ajali katika kiwanda cha kutayarisha fueli cha JCO huko Tokaimura, ambako wafanyakazi wawili walikufa kwa mionzi. Serikali ikatoa takriban yen bilioni 3, kampuni kubwa za nchi zikaunda roboti za kuingia kwenye ajali za nyuklia, na roboti zikapatikana. Baada ya majaribio, mradi ukafungwa. Wenye vinu walisema hawazihitaji. Nadhani hoja iliyokuwa nyuma ya kauli hiyo haikuwa ya kiufundi. Kampuni inayowahakikishia wananchi kwamba ajali haiwezekani inapata taabu kuegesha uani mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya ajali hiyohiyo. Na mashine isiyoegeshwa haina dereva, isiyo na dereva haina spea, isiyo na spea ni chuma chakavu.

Kwa hiyo tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 na mawimbi yake yalipozima umeme wa Fukushima Daiichi, na viini vya vinu vitatu kuyeyuka, roboti za kwanza kuingia ndani ya majengo hazikuwa za Kijapani. Zilikuwa PackBot za kampuni ya iRobot ya Marekani, zilizozoea kutafuta mabomu Iraki na Afghanistani. Ziliingia kinu namba 3 na namba 1 tarehe 17 Aprili, zaidi ya mwezi mmoja baada ya ajali. Zilikwenda mbili mbili: moja ikishika mpini wa mlango, nyingine ikisimama kando ikiitazama, ili dereva aone mkono wa ile ya kwanza kutoka pembeni. Ujanja huu haukutoka kiwandani. Ulitoka kwa watu waliokaa muda mrefu mbele ya skrini, wakajua kwamba kamera iliyofungwa juu ya mkono haikuonyeshi umbali uliobaki kati ya kidole na mpini.

PackBot zilisoma hadi milisiveti 57 kwa saa ndani ya jengo la kinu namba 3. Kiwango cha kawaida cha mfanyakazi wa nyuklia Japani hakitakiwi kuzidi milisiveti 50 kwa mwaka. Mtu angeimaliza ruhusa yake ya mwaka mzima kabla saa moja haijatimia, na angetumia nusu ya muda huo kutafuta njia gizani. Roboti ilizunguka, ikapima, ikarudi. Hii ndiyo thamani yake halisi katika dharura: kupunguza ujinga wetu kabla hatujamtuma mtu. Mafundi waliokuja kuingia baadaye waliingia wakiwa na ramani ya mionzi mkononi, wakijua kona ipi waikimbie na wapi wanaweza kusimama wakapumua.

Kisha ikaja Quince. Hii ilikuwa ya Kijapani, kazi ya Taasisi ya Teknolojia ya Chiba na Chuo Kikuu cha Tohoku. Iliundwa kwa ajili ya uokoaji kwenye majengo yaliyoporomoka, na ilikuwa hodari wa ngazi: minyororo miwili mikubwa tumboni, na mikono minne ya minyororo midogo inayokunjuka kushika kidato kinachofuata. Kilichoipa shida ni zege. Kuta za jengo la kinu ni nene kiasi kwamba mawimbi ya redio hayapiti, kwa hiyo watafiti waliifunga roli ya kebo mgongoni, ikawa inakwenda huku ikiiachia nyuma. Wafanyakazi wa TEPCO ndio walioiendesha, baada ya kufundishwa na maprofesa walioiunda.

Juni 2011 ilitumwa kwenye kinu namba 2 ikaweke kipimo cha maji kwenye chumba cha chini. Ilifika kwenye jukwaa la ngazi, pale ngazi zinapokata kona, ikashindwa kugeuka. Jukwaa lilikuwa jembamba kuliko walivyoelezwa wakati wa mazoezi. Ukisikia habari hiyo ukiwa umewahi kufanya kazi kwenye mtambo wa zamani, hushangai. Michoro ya mtambo ni ya siku uliyozinduliwa. Tangu hapo mtu ameongeza reli, mwingine amepitisha bomba la ziada, wa tatu ameweka kabati la umeme mahali palipokuwa wazi, na hakuna aliyerudi ofisini kurekebisha mchoro. Binadamu hupita kwa kujibana ubavu. Roboti haijui kujibana.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo Quince ilifanya safari yake bora kuliko zote, na ndiyo ikawa ya mwisho. Ilipanda hadi ghorofa ya tano ya kinu namba 2, ikapima mionzi mahali ambapo mtu hakuwa amefika tangu ajali. Wakati wa kurudi, kwenye ghorofa ya tatu, kebo ilikwama, mawasiliano yakakatika. Dereva alibaki na skrini isiyo na kitu, na roboti ikabaki ghorofani. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda kuikomboa. Kazi ya kuinasua kebo, ambayo mahali pengine ingemchukua kibarua dakika tano, hapo ingekuwa ya kuhatarisha uhai kwa ajili ya mashine. Toleo lililofuata, lililoingia Februari 2012, lilipewa njia ya pili ya mawasiliano kwa redio endapo kebo itakufa.

Orodha ya roboti zilizoachwa Fukushima iliendelea kurefuka. Februari 2017 mashine ya kusafisha njia ndani ya kinu namba 2 ilitolewa baada ya saa mbili hivi kwa sababu kamera yake ilikuwa inafifia. Wiki moja baadaye roboti ya Toshiba iliyofanana na nge ilikwama kwenye reli karibu kabisa na lengo lake, wakaikata kebo, wakaiacha. Magazeti yaliandika kwamba Fukushima inaua roboti. Sikupenda kichwa hicho cha habari. Roboti inayokufa baada ya kuleta picha imefanya kazi yake, na kila iliyokufa iliiongezea inayofuata akili kidogo. Julai mwaka huohuo chombo cha majini kinachoitwa Mini Manbo, chenye kipenyo cha sentimita 13, kiliogelea ndani ya kinu namba 3 kilichojaa maji na kuleta picha za kwanza za kinachoaminika kuwa fueli iliyoyeyuka, ikining'inia kama nta iliyoganda. Waliokiongoza walikuwa timu: mmoja kwenye usukani, mwingine kazi yake kuvuta na kulegeza kebo. Kwa maoni yangu huyu wa kebo ndiye anayestahili mshahara mzuri zaidi.

Nimekaa sana Fukushima kwa sababu dharura huweka wazi mambo ambayo siku za kawaida huyafunika. Lakini roboti nyingi zinazoingia kwenye mitambo ya nishati leo hazikimbilii ajali. Zinafanya mzunguko.

Kila mtambo una mzunguko. Fundi wa zamu anatoka chumba cha udhibiti, anapita kwenye pampu, kompresa, tangi na transfoma, anasoma geji moja baada ya nyingine, anaandika kwenye daftari. Geji nyingi hazijaunganishwa na kompyuta; zilifungwa miaka arobaini iliyopita na kuzibadilisha zote ni gharama isiyo na mwisho. Kampuni ya Total ilipoanzisha mashindano ya roboti yaliyoitwa ARGOS, yaliyokwisha mwaka 2017 kwa ushindi wa timu ya kampuni ya taurob ya Austria na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, haikutaka roboti inayocheza mpira. Ilitaka inayoweza kutembea kwenye mtambo wa gesi usiku, kusoma geji, kuona kama valvu imefunguka au imefungwa, kusikia gesi inavuja. Mwaka 2018 roboti ya miguu minne ya ANYmal, yenye asili yake Zürich, ilijaribiwa kwenye jukwaa la TenneT katika Bahari ya Kaskazini, ambako umeme wa mitambo ya upepo hugeuzwa kabla ya kusafirishwa nchi kavu. Miaka miwili baadaye BP iliipeleka Spot ya Boston Dynamics kwenye jukwaa lake la Mad Dog katika Ghuba ya Meksiko.

Roboti ina sifa mbili kwenye mzunguko ambazo mtu hana: haichoki na wala haidanganyi. Kila fundi anajua zamu ya saa tisa usiku. Mvua inanyesha, geji iko juu ya ngazi ya chuma inayoteleza, na kwa wiki nzima imesoma namba ileile. Kuna mikono iliyowahi kuandika namba ya jana bila kupanda. Roboti inapanda. Inasimama mahali palepale, inapiga picha ya joto kutoka pembe ileile, na baada ya miezi sita unaweza kuzipanga picha hizo ukaona kiunganishi cha transfoma kikipanda nyuzi moja moja kabla hakijaungua. Jicho la mtu haliwezi kulinganisha leo na miezi sita iliyopita.

Ila mtu naye anaona visivyo kwenye orodha. Fundi mzoefu akipita kwenye pampu huweka mgongo wa kiganja juu ya nyumba ya beringi. Ikiwa moto kuliko kawaida anajua kabla ya kipimo chochote. Ananusa mafuta yaliyoungua. Anaona bolti iliyoanguka sakafuni na kujiuliza imetoka wapi. Roboti ilitumwa kwenye geji namba 14, itakwenda kwenye geji namba 14, itaikanyaga bolti ikiwa njiani. Zaidi ya hayo, ikishagundua gasketi inavuja haiwezi kuibadilisha. Inaleta taarifa. Mameneja wanaonunua roboti wakitarajia kupunguza mafundi hushangaa kuona orodha ya matengenezo imerefuka, kwa kuwa sasa kila kidonda kinaonekana. Na kama nusu ya taarifa hizo ni za uongo, kivuli kimedhaniwa uvujaji, jua limedhaniwa joto la kiunganishi, mtu wa chumba cha udhibiti ataanza kuzifuta bila kuzisoma. Siku ya uvujaji wa kweli ataufuta pia.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye hesabu za wauzaji. Mzunguko ndio shule ya fundi kijana. Ndiko anakojua bomba hili linatoka wapi na linakwenda wapi, pampu nzima inalia vipi, na valvu ipi ngumu kufunga inayohitaji rungu. Hakuna kitabu kinachofundisha hayo. Ukimpa roboti mizunguko yote, baada ya miaka kumi utakuwa na watu hodari wa kutazama skrini ambao, siku roboti ikikwama nyuma ya tangi, hawajui njia ya kuifikia. Ningependa kuona vituo vikifanya jambo rahisi: kijana na mzee wakae pamoja kila asubuhi wasome picha za roboti za usiku, mzee aeleze anachokiona, kisha kijana aende mwenyewe kwa miguu mara moja kwa wiki kuhakikisha. Roboti isome geji. Kijana asome mtambo.

Mipaka ya mashine nayo haitajwi sana kwenye video za matangazo. Spot hutembea kama dakika 90 kabla ya kurudi kwenye chaja. Mahali penye gesi inayoweza kulipuka haiingii roboti yoyote tu. Lazima iwe imeundwa na kuthibitishwa kwamba cheche yake haitatoka nje ya kasha, na kasha hilo linaongeza uzito na bei. Ngazi za matundu ya chuma, ambazo mtu hazifikirii, huchanganya vihisio vya miguu. Ukungu wa chumvi baharini hufunika kamera, na wa kuifuta ni nani? Mtu mwenye kitambaa.

Haya yanatuhusu Afrika Mashariki kwa namna ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Kenya imekuwa na wakala wa nyuklia, NuPEA, tangu Sheria ya Nishati ya 2019. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, wameupinga hadharani mradi wa kujenga kituo cha nyuklia kwao, na macho ya serikali yakaelekea pia Siaya. Uganda imeitaja Buyende kuwa mahali pa kituo chake. Sitajadili hapa kama vinu hivyo vijengwe au visijengwe. Ninachojua ni kwamba zabuni zitakapofika mezani zitakuwa na kurasa zenye picha nzuri za roboti, na kwamba roboti ndiyo sehemu rahisi kununua.

Kamati itakayozisoma kurasa hizo isiulize roboti ina uwezo wa kubeba kilo ngapi. Iulize madereva ni kina nani, wameajiriwa na nani, na watafanya mazoezi saa ngapi kwa mwezi katika mwaka ambao hakuna kilichoharibika. Iulize kama kutakuwa na ngazi ya mfano yenye vipimo vilivyochukuliwa kwa futi kwenye jengo lenyewe, na nani atairekebisha kila jengo linapobadilika. Iulize spea zitakaa Mombasa au zitasubiri ndege kutoka ng'ambo. Na mkandarasi atakapopanga mabomba ya kuisukuma mashine ndani, iwe imeandikwa kwenye mkataba jina la cheo cha mtu wa kituo atakayevaa barakoa, aingie, ayahesabu moja baada ya jingine, na kutia saini.